Jiwe Lililolamba

Jumatano, saa kumi na mbili jioni, mdogo wangu wa kike alilamba jiwe katika ghala la taasisi ya serikali ya utafiti wa jiolojia. Nilikuwepo.

Nilikwenda kumchukua tu. Mama alikuwa na supu jikoni, na hapendi kuipasha mara mbili.

Ghala ni refu, la mabati. Ndani kuna rafu za mawe yaliyochorongwa kutoka chini ya ardhi, vipande vya mviringo vinene kama mkono, vimepangwa kwenye trei. Kazi ya mdogo wangu ni kuyachunguza, kuyaelezea, kisha kuyachorea mstari mwekundu. Msumeno hupita kwenye mstari huo. Nusu hurudi ghalani, nusu husagwa unga wa maabara.

Na huyaonja. Wanajiolojia wengi hufanya hivyo. Mate huonyesha chembe, meno hutofautisha mfinyanzi na mchanga laini. Nyumbani tulimwita Mla Udongo tangu anatambaa.

Trei ya mwisho ilitoka shimo jipya. Fundi mchorongaji, tunayemwita Bomba, alisimama mlangoni, hataki kuingia.

"Ingia basi, Bomba. Leo unaogopa mawe?" mdogo wangu alimwuliza.

"Bosi, shimo lile lilimeza maji matangi mawili. Halafu likacheua."

"Likacheua?"

"Kama mtoto aliyeshiba. Tope la kijivu, mpaka masikioni. Hilo jiwe lake liangalie tu. Usionje."

Mdogo wangu alicheka. "Miaka yote unaniona nikilamba, leo ndiyo nimekuwa mchafu?"

Jiwe lilikuwa limeanikwa wiki nzima. Bado lilikuwa limelowa. Nilisogea. Lilinuka kinywa... kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Alipolifuta kwa kiganja, ute ulivutika, ukarefuka, ukakatika, ukamdondokea kwenye kiatu.

"Achana nalo," nikamwambia. "Supu inapoa."

"Mara moja tu, Kaka."

Akalilamba.

Akaliondoa mdomoni. Sauti ya kulamba haikukoma.

Chap... chap...

Akalirudisha kwenye trei polepole.

"Kaka," alinong'ona. "Limenilamba."

Alitapika hapo hapo. Tope la kijivu, la baridi, jingi kuliko tumbo la mtu. Bomba alirudi nyuma.

"Ndilo hilo," akasema. "Ndilo hilo hilo."

Nyumbani, supu haikuwa na ladha mdomoni mwake. Alitia chumvi kijiko kizima, akameza, hakukunja uso.

"Ulimi umeungua?" Mama aliuliza.

"Hapana. Nasikia vumbi, Mama. Na dizeli." Akaweka kijiko chini. "Na mende. Anatembea juu ya ulimi wangu sasa hivi."

Alifungua mdomo.

Hapakuwa na mende.

Ghalani kuna vumbi, dizeli na mende. Mdogo wangu ndiye aliyekumbuka lililobaki, kwa sauti ndogo.

"Nimeshalichorea mstari, Kaka. Wanalikata asubuhi."

Tulirudi usiku ule. Mlinzi alikataa kufungua, ufunguo anao mtunza ghala. Tulilala ndani ya gari mbele ya lango. Asubuhi tulikuwa wa kwanza kuingia. Trei haikuwepo. Bomba, kwa kutaka imwondokee machoni, alikuwa ameipeleka jioni ile ile kwenye banda la msumeno, ng'ambo ya uwanja. Banda lina mlango wake wa nyuma unaotokea barabarani, na taa ilikuwa inawaka.

Nilipiga simu. Fundi wa msumeno huziba masikio akiwa kazini.

Nilikimbia.

Msumeno ulianza kulia kabla sijafika katikati ya uwanja. Nyuma yangu mdogo wangu alipiga magoti, mikono mdomoni, damu ikipita katikati ya vidole.

Nilipoingia, fundi alikuwa ameshazima mashine. Maji kwenye mfereji yalikuwa mekundu, na yeye alikuwa anatapika juu yake. Jiwe lilikuwa limepasuliwa.

Daktari alishona ulimi. Alisema umepasuliwa katikati, kwa urefu, kwa kitu chenye makali. Akauliza nani amefanya hivyo.

Mkurugenzi alisema wekundu ule ni kutu ya madini ya chuma. Nusu moja ikasagwa siku hiyo hiyo. Unga ulitiwa kwenye bahasha, ukapelekwa maabara kadhaa. Siku nyingine mdogo wangu hukurupuka na kutema povu. Maabara hupima mawe kwa tindikali.

Nusu ya pili niliiiba. Iko jikoni kwetu ndani ya bakuli, chini ya kitambaa chenye maji, ili mende wasiifikie. Mama huinywesha supu kwa kijiko, uso kaugeuza pembeni kwa sababu ya harufu. Na ile sauti.

Aliinywesha leo mchana. Mdogo wangu alikuwa amelala chumba cha pili, mlango umefungwa. Kutoka huko akasema chumvi imezidi.