Pumzi Ndani ya Mtutu

Jumanne moja ya Mei mwaka jana, saa nne asubuhi, mfanyabiashara aitwaye Wilson alivuka kutoka Malawi na gobore lililofungwa ndani ya jamvi, akalipeleka kwa fundi Kenani wa Katumba Songwe, kisha akaondoka bila kulichukua.

Mbele ya nyumba Kenani alitengeneza baiskeli. Uani alitengeneza magobore. Kazi ya mbele ilijulikana na kila mtu. Ya uani ilijulikana na wenye mashamba waliosumbuliwa na nguruwe pori, na hao walijua kunyamaza, maana Kenani hakuwa na kibali.

"Ugonile, tata," alisalimu Wilson. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima, ingawa njia ya kutoka mtoni ni tambarare.

"Ndaga. Lina nini?"

"Limeziba. Hebu lipulize."

Hakuna fundi anayehitaji kuambiwa hivyo. Kenani aliung'oa mtutu kwenye kitako, akaufuta mdomo wake kwa kiganja, akaupeleka midomoni. Ukipuliza mbele na hewa ikatokea nyuma, kwenye kitundu cha fataki, njia ni safi. Akapuliza. Hewa haikutokea. Mtutu uliipokea yote, ukaendelea kuipokea hata baada ya yeye kuacha kupuliza, mpaka akaubandua kwa mikono miwili.

Wilson alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Machozi yakamtoka.

"Ndaga fijo," alishukuru. "Na unisamehe." Akatoka anatembea upesi, kisha akasikika anakimbia.

"Mteja wako ana wazimu," alisema Tusajigwe, mkewe Kenani, aliyekuwa anageuza kakao kwenye turubai.

"Atarudi tu. Mali yake si iko hapa?"

Hakurudi.

Jioni, Kenani alisikia mluzi mwembamba kwenye meza ya kazi. Ulipigwa, ukanyamaza, ukapigwa tena. Akaweka kiganja kwenye kitundu cha fataki. Hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu, na ilinuka mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Akakiziba kitundu kwa kidole, na hapohapo kifua chake mwenyewe kikagoma. Alipotoa kidole, akapumua.

Asubuhi alitoka kwenda dukani kununua misumari. Kabla hajafika barabarani hewa ilianza kuwa nyembamba, akadhani ni mafua, akaendelea, na kila hatua kifua kilipokea kidogo kuliko hatua iliyotangulia, mpaka akasimama katikati ya njia kinywa kikiwa wazi na hakuna kinachoingia, akawaona wanawake wenye ndoo wakimsalimu na hakuweza kuwaitikia, akageuka, akarudi kwa magoti, akishika migomba, na hewa ikaanza kumrudia alipoliona paa la nyumba yake na ikatimia alipoishika meza.

"Nusura nife," alimwambia mkewe.

"Kwenda dukani?"

"Lina kitu ndani, Mama Naomi. Kimechukua pumzi yangu."

Angeweza kutembea nalo, kama Wilson alivyofanya. Lakini barabara ya darajani ina askari, na mtu hawezi kwenda sokoni wala kanisani na mtutu usio na kibali kwapani. Akabaki nyumbani. Wenye baiskeli walipouliza kwa nini haonekani, Tusajigwe alisema ni kiuno. Walipoondoka alimgeukia mumewe. "Mwanamume mzima umeolewa na bomba."

Kenani alicheka. Kicheko kilimgharimu, ikabidi aketi.

Aliubana mtutu kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma. Meno ya kwanza yalipoingia, aliyasikia chini ya mbavu zake. Akaacha. Na mpaka wa pumzi yake ulikuwa unasogea karibu. Mwanzoni aliweza kufika penye baiskeli mbele ya nyumba. Baadaye mlangoni. Kisha ikawa ni uani peke yake.

Tusajigwe alimleta Bibi Raudha kutoka mjini Kyela, mganga ambaye wazazi wake walihamia huko na biashara ya nguo kutoka pwani. Alikuja mchana, na ubani wake na kitambaa cheupe. Alimfunika Kenani, akafukiza, akasoma. Muda si muda sauti ndogo ikatoka kinywani mwa Kenani, na midomo yake haikuchezacheza.

"Nani amekutuma?" Bibi Raudha aliuliza.

"Sikutumwa."

"Mwachie mwenzio pumzi yake, uende kwenu."

"Sikuiba. Nilipewa. Kwa mdomo wake."

Bibi Raudha akaondoa kitambaa na kukikunja.

"Jini mwizi namfukuza," alimwambia Tusajigwe kwa sauti ya chini. "Huyu ana haki yake, mwanangu. Atamwachia mumeo siku mwingine akimpa pumzi yake. Ndivyo yule mgeni wenu alivyotoka."

"Tukilifukia?"

"Ukilifukia, mfukie na mumeo."

Bibi Raudha alikataa hata kuku aliyefungwa miguu kwa ajili yake.

Ijumaa, Aliko alifika kutoka Matema. Yeye na Kenani walijifunza ufundi kwa mzee mmoja.

"Shemeji kanipigia simu," alisema, akicheka. "Eti gobore limekushinda. Nikasema leo nakula kuku wa Katumba na kumcheka mtu." Mtutu ulikuwa tayari mkononi mwake. Akaufuta mdomo kwa kiganja.

Kenani alimtazama mkewe. Tusajigwe alikuwa anatazama turubai la kakao.

"Weka chini," Kenani alisema.

"Unanificha ufundi?"

"Aliko. Weka chini, nikwambie."

Alimweleza yote, kwa vipande, akisubiri hewa kati ya neno na neno. Aliko aliuweka mtutu mezani polepole, akajifuta kiganja kwenye suruali. Hakusubiri kuku.

"Nitawaombea," alisema akiwa tayari njiani.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya, isipokuwa mluzi.

"Ni mimi niliyemwita," alisema Tusajigwe.

"Najua."

"Kesho hutaweza kutoka kwenye hicho kigoda."

"Basi nitakaa. Usimwite mtu."

"Umemwonea huruma Aliko. Mimi je? Mimi nikuangalie tu ukikauka?" Akauchukua mtutu. Kenani alinyanyuka kumzuia, hewa haikumtosha, na Tusajigwe akapuliza.

Kifua cha Kenani kilifunguka kama mlango uliosukumwa. Alilia kama Wilson alivyolia. Tusajigwe aliketi chini akishika koo.

"Kwangu pumzi inabana zaidi," alinong'ona.

Jumamosi Kenani alitembea hadi barabarani, akasimama huko akivuta hewa, akarudi. Alimkuta mkewe ameegemea mguu wa meza. Hakuweza kufika kwenye turubai. Mbegu za kakao zilikuwa zimeanza kuota ukungu, na harufu ya kile kinywa ilikuwa imejaa uani. Kenani alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akalikunjua jamvi la Wilson, akauviringisha mtutu ndani yake.

Jumapili asubuhi bajaji iliyopita njia za mashambani iliwashusha Matema, mtutu ukiwa ndani ya jamvi kati yao. Aliko alikuwa kanisani. Hakuwa amemsimulia mkewe, Elizabeth, habari za Katumba. Anasema hakutaka kumtia hofu. Elizabeth aliwakaribisha wageni, akawatengea chai, na majirani walimsikia akiuliza kuna nini ndani ya jamvi, na Kenani akijibu kwa upole kwamba ni mtutu tu, umeziba.

Ibada iliisha saa sita. Aliko aliporudi, wageni walikuwa wameondoka na chai haikuguswa. Mtutu ulikuwa juu ya meza. Elizabeth alikuwa ameketi sakafuni karibu nao, anahema.