Maji Yasiyotajiwa Jina

Hilari alimwaga maji ya chumvi kwenye chuma alichokichomeka ardhini, nusu ndoo nzima, na udongo ukabaki mkavu. Akaguna. Kazi yake ilikuwa kupitisha umeme ardhini kwa vyuma vile, ili mashine imwonyeshe mahali pa kuchimba kisima, na chuma kikikaa pakavu umeme haupiti. Akamwaga tena. Safari hii akasikia chini mtu akimeza.

"Umemtaja nani?" aliuliza mzee Agapiti, mwenye shamba hilo la Michenga.

"Mzee wangu, haya ni maji ya kazi."

"Kwetu maji yakimwagwa chini unamtaja marehemu wako. Yasiyo na jina anakunywa yeyote."

Hilari akacheka. Ubishi wake haukuwa na dawa.

Mkewe, Bibiana, alivuta waya hadi nyuma ya matete kugongomelea chuma cha mwisho. Umeme ule ungeweza kuua, kwa hiyo Hilari asingebonyeza kitufe cha mashine mpaka mkewe akae kando na kuita.

"Tayari, Baba Jane."

Kidole kilikuwa kinashuka aliposikia nyundo bado inagonga. Akakirudisha juu.

"Mama Jane, umetoka hapo?"

"Bado," Bibiana alijibu kwa sauti ya chini. "Sijaita mimi. Kuna mtu amekishika chuma pamoja na mimi."

Hapo ikaja harufu ya kambale waliooza, matete yakainama ingawa upepo haukuwepo, na kutoka kwenye chuma kilichokuwa miguuni pake, kisha kingine, kisha kingine, sauti ya mkewe ikaita tayari, tayari, tayari, mpaka Hilari akang'oa waya za betri na kupiga yowe atoke, atoke upesi, waache kila kitu.

Akatoka kwenye matete, amelowa matope. Hilari akamkumbatia huku analia.

"Yatajie jina yale maji kwanza," mzee alimsihi.

"Baadaye, mzee."

Akampakia mkewe kwenye pikipiki, wakashika njia ya Ifakara. Walikuwa wameshafika mbali simu ilipoita. Akasimama, akapokea.

"Hilari," mzee Agapiti alisema, anatweta, "umempakia nani? Mkeo yuko hapa nyuma ya matete, amezama matopeni mpaka shingoni. Anakuita wewe."

Mikono iliyomshika kiunoni ikakaza.