Sibonyezi "Nakubali"

Fundi cherehani alikuwa barazani akipindia sketi za shule. Mama yake alikaa kando yake kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa akipanga vifungo kwa kuvipapasa, maana alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili.

Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi asubuhi mama angepasuliwa jicho la kulia katika mji wa mbali. Wakikosa siku hiyo, wangesubiri miezi minane. Tiketi za ndege ya Jumatano walizinunua kwa wakala wa mtandaoni.

Ujumbe ukaingia kwenye simu. Fundi akausoma kwa sauti.

"Safari yenu sasa itaendeshwa na shirika lingine. Mtaondoka Alhamisi saa nane mchana. Bonyeza Nakubali."

"Alhamisi mchana?" mama akashtuka. "Daktari ataniona saa ngapi?"

Fundi akampigia wakala.

"Ulizeni shirika la ndege," wakala akasema.

Akalipigia shirika lililouza tiketi.

"Ulizeni wakala," wakasema.

Akampigia wakala tena. Jibu likawa lile lile.

"Wananipiga danadana!" fundi akafoka.

Mume wake akachungulia mlangoni. "Bonyeza tu, mke wangu, yaishe. Mashirika makubwa hayo, utayaweza wapi?"

"Yaishe kwa nani? Mama yangu abaki gizani miezi minane? Sibonyezi!"

Jirani yao alikuwa akipita kwenda kazini. Alikuwa karani wa uwanja wa ndege, wa kupokea abiria na mizigo. Akasikia kelele, akaingia.

"Umefanya vizuri kutobonyeza, dada," alisema. "Na usifute safari mwenyewe. Watasema umeacha kwa hiari yako. Hebu nione tiketi."

Akaitazama kwa makini.

"Umeona namba hii ya safari? Ni ya shirika lililokuuzia. Wanaweza kutumia ndege ya wenzao, ila wanatakiwa wakuambie ni ya nani. Lakini hapa wamebadilisha hata siku. Sheria za nchi hazifanani, ila nyingi zinakupa nafasi ya kuchagua. Unaweza kudai ndege nyingine inayokufaa, au nauli yako irudi."

"Na wakala?"

"Wakala alikuuzia tu. Mwandikie, na uliandikie shirika pia. Tunza kila ujumbe. Halafu mwombe wakala namba ya nafasi yenu kwenye shirika, ile wanayoitafuta kwenye kompyuta yao. Namba ya wakala peke yake haitoshi. Wakikataa, wape muda, kisha uende kwenye mamlaka ya usafiri wa anga."

Wakaandika barua fupi pamoja. Baada ya kuituma, fundi alimsukuma mama yake hadi ofisi ya shirika lililouza tiketi.

Ofisa hakuinua hata macho. "Mama, hilo ni la wakala wenu."

"Tiketi hii ina namba ya nani?"

"Ya kwetu, lakini..."

"Basi na shida ni ya kwenu. Nataka ndege ya Jumatano. Kama hamna, niandikie kwamba mmekataa, utie na sahihi. Siondoki."

"Mnazuia foleni, mama."

Mama wa fundi akadakia. "Mimi siendi popote, mwanangu. Hata mlango siuoni!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja akasema kwa nguvu, "Mjibu mama huyo! Hata mimi nina ujumbe kama huo!"

Ofisa akamwita mkuu wake. Mkuu akasoma barua, akasoma tiketi, akaanza kubofya kompyuta. Mwishowe akasema, "Kuna nafasi mbili Jumatano asubuhi, ndege ya wenzetu. Hamtaongeza kitu."

Fundi hakubanduka. "Na kiti cha magurudumu? Tulikiomba kwenu. Hao wenzenu wanajua?"

Mkuu akatazama tena. "Hawajui," akakiri.

"Waambie sasa hivi, nikikuona."

Akawaambia. Kisha fundi akauliza wajipange kwenye dirisha la shirika gani uwanjani. Akajibiwa, la shirika litakalowabeba. Akaandika.

Jumatano walisafiri. Alhamisi mama alipasuliwa. Kesho yake muuguzi alimfungua bandeji, na mama akamkodolea binti yake jicho kwa muda mrefu.

"Mwanangu! Kumbe una mvi?"

"Nimezipata wiki hii, mama. Muulize wakala."

Walicheka mpaka muuguzi akawaomba wapunguze sauti.

Siku hizi wateja wa fundi huleta vitambaa, na wengine huleta simu. Wiki iliyopita mfinyanzi alimwonyesha ujumbe wa safari iliyobadilishwa, kidole chake kikiwa tayari juu ya kioo.

"Toa kidole hicho," fundi akamwambia, akivuta kiti. "Kaa hapa. Kwanza tuisome tiketi yako, halafu tuandike."