Shamba Halijamkataa Sikuzani

Sikuzani hapendi kuamrishwa. Watu wa Mkotokuyana wanalijua hilo, na wengine wamelijua kwa kuumia. Kila Juni huamka alfajiri, huwapa kuku pumba, huvaa koti la marehemu mumewe Mustafa, kisha hubeba mashine ya kupulizia salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenda kwenye mikorosho. Wanaume humwambia ile ni kazi ya wanaume. Yeye huwajibu kwa kuwasha mashine.

Mikorosho ni themanini na miwili. Waliipanda wawili, yeye akichimba mashimo, Mustafa akifukia. Mustafa alipofariki mwaka jana, Sikuzani alikaa eda, akalia, kisha akarudi shambani.

Ndipo moyo ulipoanza vituko. Siku ya kwanza alikuwa anamenya mihogo. Ujumbe ukaingia kwenye simu, akausoma. Ghafla moyo ukaenda mbio. Ulidunda, ukaruka, ukadunda tena bila mpangilio. Baada ya nusu saa ukatulia wenyewe.

"Ni salfa hiyo," alimwambia binti yake, Fauzia. "Nimevuta nyingi. Niletee maziwa."

Huku kwetu anayepuliza salfa hunywa maziwa, eti yasafishe kifua. Sikuzani akanywa. Wiki iliyofuata moyo ukarudia, akanywa tena. Alikunywa maziwa ya kumtosha ndama, na moyo haukusikia.

Habari zikamfikia Swalehe, mdogo wake Mustafa. Alikuja na maneno yake tayari.

"Shemeji, shamba limekukataa. Mwenyewe kaondoka, sasa linakupiga moyo. Rudi kwenu Mbwemkuru upone. Mikorosho niachie mimi."

"Mwenyewe ni nani?" Sikuzani aliuliza. "Mashimo yalipochimbwa, mimi nilikuwa napiga picha?"

"Nakuonea huruma tu. Utakufa. Nitaitisha kikao."

Alipoondoka, Sikuzani aliogopa. Aliogopa sana. Swalehe angeweza kupambana naye. Lakini angepambana vipi na moyo wake mwenyewe? Usingizi ukampaa. Akaanza kunywa kahawa kali asubuhi ili apate nguvu za kazi.

Jirani yake, Dionisia, ni nesi wa zahanati. Jioni moja alipita kuomba mchicha.

"Mama Fauzia, mbona umekonda hivi?"

Sikuzani akamweleza yote, salfa, maziwa na shamba linalokataa watu. Dionisia hakucheka. Aliichukua kalenda ukutani.

"Siku ukipuliza salfa, chora mstari. Siku moyo ukienda mbio, chora duara, na ukumbuke ulikuwa unafanya nini."

Baada ya wiki tatu kulikuwa na mistari tisa na maduara manne. Hakuna duara hata moja lililokaa kwenye siku ya salfa.

"Siku hii kulitokea nini?" Dionisia aliuliza.

"Swalehe alituma ujumbe wa shamba, kama ule wa siku ya mihogo. Hii alipiga simu. Hii alikuja mwenyewe." Sikuzani aligusa duara la mwisho. "Na hii nilikuwa sijalala siku mbili kwa kumfikiria. Kumbe ni mawazo tu?"

"Usiseme 'tu'. Moyo una umeme wake, ndio unaouambia upige lini. Kwa baadhi ya watu umeme huo una hitilafu. Sasa mtu akiwa na hofu au hasira, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia, na moyo wenye hitilafu huchokozeka. Wasiwasi unaweza kuuchokoza ugonjwa, lakini lazima upimwe tujue una nini. Ukianza tena, usinywe maziwa. Njoo zahanati papo hapo tuukamate."

"Na salfa?"

"Salfa vaa barakoa. Maziwa hayafagii kifua."

Siku nne baadaye Swalehe alituma ujumbe wa tarehe ya kikao. Moyo ukaanza. Fauzia alimpandisha mama yake bodaboda hadi zahanati. Mapigo yalikuwa mia moja arobaini na nane kwa dakika, tena yamevurugika. Dionisia akampa rufaa ya hospitali mjini Nachingwea. Huko walimbandika waya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine ikachora mapigo yake kwenye karatasi. Hakuumia hata kidogo. Wakampima presha na damu pia.

"Ugonjwa upo, na dawa zipo," daktari alimwambia. "Ni za kila siku. Usiziache kwa sababu umepata nafuu. Ukizimia, ukibanwa kifua au ukikosa pumzi, kimbilia hospitali. Kahawa kali acha. Lala. Na hilo linalokusumbua, limalize."

"Wanasema nikihama shamba nitapona."

"Ukihama utatulia?"

"Nitapasuka kwa hasira."

"Basi usihame."

Dionisia akamfundisha kuhesabu mapigo kwa vidole viwili, na kupumua polepole anapokasirika. Sikuzani alifanya zoezi hilo kila siku, hata akiwa juu ya ngazi ya ghala.

Siku ya kikao Swalehe alisimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji. "Mnaona wenyewe, anaumwa moyo. Shamba limemkataa."

Sikuzani aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono. Akavuta pumzi, akaishusha taratibu. Moyo ulikwenda haraka kidogo, lakini sawasawa.

"Ninaumwa, ndiyo," alisema. "Na ninatibiwa. Mgonjwa hanyang'anywi shamba. Waliokuwepo waseme nani alichimba mashimo."

Wazee wawili wakasema walimwona yeye, tena na mtoto mgongoni.

"Limemkataa," Swalehe alifoka.

"Lete mkono, shemeji."

Watu wote walikuwa wanamtazama, akautoa. Sikuzani alihesabu dakika nzima kwa saa ya mwenyekiti.

"Mia moja kumi na mbili, na umesimama tu. Hasira huukimbiza moyo wa mtu yeyote. Au limekukataa na wewe?"

Kikao kizima kilicheka. Mwenyekiti akatamka kwamba Sikuzani abaki shambani kwake, na Swalehe aache kumsumbua.

Tangu siku hiyo kalenda imepata duara moja tu. Dawa anameza kila siku, na usiku analala. Swalehe naye huonekana zahanati akipimwa presha, akidhani hatumwoni.

Juni ikija, Sikuzani atavaa barakoa na kuwasha mashine. Wanaume watasema ile ni kazi ya wanaume. Waache waseme.