Tumeambiwa Tuwaambie

Kila siku Xaveria alirudi kutoka shuleni akiwa amechoka, na kila siku alimkuta mama yake amechoka kumzidi. Mama Xaveria alikuwa akikaanga perege sokoni Babati. Alfajiri alikuwa ziwani kununua samaki kwa wavuvi, mchana kutwa alikuwa mbele ya karai la mafuta, na jioni alirudi kijijini Nakwa na ndoo kichwani, macho mekundu kwa moshi. Baba alikuwa kijiji cha Mutuka akivuna mahindi, nyumbani akionekana mara mojamoja. Kwa hiyo kazi za jioni zilikuwa za Xaveria: kuteka maji, kusugua karai, kuosha masufuria. Yote hayo aliyafanya akiwa amembeba mgongoni mdogo wake Aniceti, aliyeshinda sokoni na mama mchana, ambaye hata miezi tisa alikuwa hajatimiza, lakini uzito wake ulikuwa wa kumwuma mtu kiuno.

Miaka ile mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na simu ya mkononi ilikuwa kitu cha watu wachache. Shule ikitaka kusema na wazazi, ilisema na watoto. Mwalimu alisimama mbele ya mstari asubuhi, akatoa tangazo, kisha akamalizia kwa kusema, "Mkawaambie wazazi." Mtoto naye akifika nyumbani alianza, "Tumeambiwa tuwaambie," na hapo hapo mzazi alikuwa ameshajua kinachofuata. Kama si mchango wa mlinzi ni mchango wa madawati, na kama si madawati ni kuni za uji. Wazazi wa Nakwa walikuwa wameyasikia maneno hayo mpaka yakawatoka puani, wakazoea kuyakata kabla hayajafika mwisho.

Jumatatu moja Mwalimu Hadija, aliyefundisha darasa la sita, alitoa tangazo la namna nyingine. Alisema kuna surua shuleni, na watoto wawili wa darasa la kwanza wameshalazwa. Mwanafunzi yeyote mwenye homa, mafua na macho mekundu abaki nyumbani na apelekwe zahanati. Tena asiwakaribie watoto wachanga, hasa wale ambao hawajafikisha miezi tisa, umri wa kuchanjwa. "Mkawaambie wazazi," alimalizia, na mstari ukavunjika kama siku zote.

Jioni Xaveria alimkuta mama yake ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha, hata kanga ya kichwani hajaifungua.

"Mama, tumeambiwa tuwaambie..."

"Mwambie mwalimu mwisho wa mwezi," mama alimkata, macho ameyafumba.

Xaveria alifungua kinywa aseme siyo mchango, ni ugonjwa. Kisha akamtazama mama yake, akaziona zile ndoo tupu na lile karai jeusi linalomsubiri. Nguvu za kubishana hakuwa nazo. Alijiambia kwamba atasema kesho, akamfunga Aniceti mgongoni, akaenda bombani. Kesho yake pia hakusema.

Shuleni Mwalimu Hadija aliuliza nani amewaambia wazazi wake. Darasa zima lilinyoosha mikono. Xaveria alitazama kulia, akatazama kushoto, akanyoosha wa kwake. Mwalimu alishukuru, akaendelea na sehemu za desimali.

Siku iliyofuata rafiki yake Shani, waliyekaa naye dawati moja, alimsindikiza mpaka nyumbani. Shani alipenda sana watoto, na kila alipokuja alimbeba Aniceti ili Xaveria aoshe vyombo kwa raha. Siku hiyo alikuwa akipenga kamasi njia nzima, na macho yake yalikuwa mekundu. Xaveria aliyaona. Maneno ya mwalimu yalimjia, tena kwa ufasaha wote. Lakini alikuwa ameshampokea Aniceti kwa mama na kumfunga mgongoni, mgongo unamwuma tangu asubuhi, na Shani alikuwa ameshanyoosha mikono. Alimfungua Aniceti, akampa. Tangu hapo Shani hakuonekana tena shuleni. Watu walisema ana homa.

Hazikupita wiki mbili Aniceti akaanza kukohoa. Mwili ulichemka, kamasi zikamtoka, na asubuhi moja aliamka macho yameganda kwa matongo, akilia kila alipotazama mlangoni penye mwanga. Mama alikuwa ameshachukua ndoo za kwenda ziwani. Alimgusa paji la uso, akashusha pumzi.

"Ni meno tu, na ule moshi wa sokoni," alisema. "Leo baki naye nyumbani. Jioni tutaona."

Xaveria alimpakata mdogo wake, na nyuma ya masikio yake akaona vipele vimeanza kutokeza. Kusema surua kulikuwa ni kusema kwamba alijua, na kwamba alidanganya darasani. Kunyamaza kulikuwa ni kumwacha Aniceti mpaka jioni, naye alishaanza kupumua kwa shida. Mama alikuwa ameshavuka kizingiti. Xaveria alijikaza kisabuni.

"Mama, siyo meno. Ni surua."

Mama aligeuka. "Nani amekwambia?"

"Mwalimu. Tuliambiwa tuwaambie. Nilianza, ukanikata, nikanyamaza. Halafu shuleni nilinyoosha mkono kwamba nimekwambia." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Na Shani alikuja ana macho mekundu, nikampa mtoto. Nilikuwa nimechoka, mama."

Mama aliweka ndoo chini, akamchukua Aniceti, akamfunika uso na kanga, wakaondoka. Njia nzima mpaka zahanati hakusema neno, na Xaveria alitamani afadhali angepigwa.

Muuguzi aliwatenga na watu wengine mara tu alipomwona mtoto. Alisikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema kimeanza kushikwa, na kwamba wangengoja zaidi ingekuwa habari nyingine. Alimpa matone ya vitamini A, dawa ya kifua na dawa ya macho, akawaeleza namna ya kumnyonyesha na kumpa maji mara kwa mara, akawataka wamrudishe kesho. Kisha akauliza, kwani shuleni hawakutangaza? Mama Xaveria aliinama akatazama vumbi la miguuni pake.

"Walitangaza," alisema. "Mimi sikusikiliza."

Zikafuata siku za kuchosha kuliko zote. Mama hakwenda sokoni. Walimbeba Aniceti kwa zamu, na zamu za Xaveria aliomba mwenyewe ziwe ndefu. Hatimaye homa ikashuka, na asubuhi moja mtoto akamvuta dada yake nywele akacheka. Xaveria alilia kwa furaha, ingawa nywele zilimwuma kwelikweli.

Jumamosi Mwalimu Hadija alifika kuwajulia hali. Alikuwa akipita nyumba hadi nyumba, viatu vyeupe kwa vumbi, na alisema Shani naye anaendelea vizuri. Baada ya kumwamkia, Xaveria alimweleza ukweli mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Mwalimu aliketi kwenye kigoda akasikiliza mpaka mwisho. Alisema katika nyumba zote alizopita, wazazi waliosikia habari ya surua walikuwa wa kuhesabika, na darasani kila mkono ulikuwa juu.

"Niliona mikono, nikaridhika," alisema. "Kuanzia sasa, nikitangaza jambo, kila mtoto ataniletea jibu la mzazi wake. Na likiwa la ugonjwa, nitakuja mwenyewe."

Mama Xaveria alimgeukia binti yake.

"Tumekosea wote," alisema. "Mimi nilijifanya najua kabla sijasikia. Lakini habari ulikuwa nayo wewe, ukaiweka chini kwa sababu umechoka. Kuchoka siyo kosa, mwanangu. Mimi mwenyewe nimechoka miaka. Ila ukikatwa, subiri kidogo, kisha sema tena. Na kama hujasema, usiseme umesema. Uongo wako mdogo wa darasani ulitaka kunipokonya mtoto."

Xaveria aliitikia kwa kichwa. Maneno hayo yalimwingia.

Mwezi uliofuata, jioni moja, mama alikuwa amerudi kutoka sokoni, miguu inawaka, na karai bado halijasuguliwa. Xaveria aliingia na mkoba wake.

"Mama, tumeambiwa tuwaambie..."

Kinywa cha mama kilifunguka, kikafungwa. Alijifuta mikono, akavuta kigoda, akaketi kumwelekea binti yake, Aniceti magotini.

"Haya, sema. Yote, mpaka mwisho."

Xaveria alitazama chini. "Ni mchango, mama. Wa kuni za uji."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka hoi.

"Basi mpelekee mwalimu jibu," alisema. "Mwambie mama amesikia mpaka neno la mwisho. Kuni, mwisho wa mwezi."