Bampa ya Elifas

Jua lilikuwa linazama mjini Opuwo, na Hiskia bado amepiga magoti sakafuni mwa karakana yake, anakata bomba la mraba la chuma. Fundi wa kuchomelea kwa miaka thelathini, mtu wa kuwacheka wenzake wakikata kombo, leo alipima mara tatu na bado akakosea.

Kwenye rafu, redio ya upepo, ya kuitana na madereva, ilikoroma tu.

"Baba Uejaa, kunywa hata maziwa," mkewe Vetunjona alisema mlangoni, gauni lake refu likifagia vumbi la chuma. "Toka asubuhi hujatia kitu mdomoni."

"Niache."

"Kwani hiyo bampa itakimbia? Lori la kuipeleka si mpaka kesho?"

"Nimesema niache!"

Vetunjona aliketi palepale kizingitini. Naye alikuwa anaisubiri redio.

Jana mchana binti yao Uejaa, dereva wa lori la watalii wanaolala kambi, aliita redioni kutoka bonde la Hoarusib, huko jangwani. Alisema bampa ya nyuma imeanza kuachia upande wa kushoto. Na bampa ya lori la jangwani si pambo. Ndiyo hubeba tairi la akiba na madumu yote ya maji. Akasema anageuza, anarudi polepole. Kisha... kimya. Siku nzima.

Hayo Vetunjona aliyajua. Asilolijua ndilo lililokuwa linamtafuna mumewe roho.

Miaka miwili nyuma, Hiskia aliiunda bampa hiyohiyo kwa ajili ya lori la dereva aitwaye Elifas. Siku ile kulikuwa na harusi, nyama imeshaanza kunukia, na fundi wetu ana haraka zake. Kiungo cha kushoto akakichomelea juu juu. Chuma kikalala tu, hakikushika ndani. Akakisugua, akakipaka rangi nyeusi, kikapendeza. Huko jangwani kikakatika. Madumu yakadondoka bila Elifas kujua, na lori lilipokwama mchangani hapakuwa na tone la maji. Walimkuta siku ya sita, ameshakufa kwa kiu. Watu wakasema njia ile ni mbaya. Hiskia naye akatikisa kichwa pamoja nao.

Kisha mwenye lori akaiokota bampa ile, akaileta ifungwe kwenye lori jipya. Akasimama karibu, anatazama. Kukisugua kiungo mpaka chuma kitupu kungeianika aibu yote. Basi Hiskia akachomelea juu ya uoza wake mwenyewe, akapaka rangi tena. Wiki mbili baadaye lori lile akakabidhiwa Uejaa. Na baba mzazi akanyamaza. Mwoga mkubwa!

Sasa alikuwa anaziba bampa mpya ya kumpelekea bintiye. Bomba likizibwa pande zote, hewa ya ndani hupata moto na kuipasua ncha ya mwisho. Ndiyo maana kila fundi hutoboa kitundu kidogo, lipate kupumua. Hiskia alishatoboa chake. Akashusha kinga ya uso, akachomelea.

Ncha ya mwisho ikapasuka. Pfuu!

Akakitazama kitundu. Kilikuwa wazi. Akachomelea tena.

Pfuu!

Ikatoka harufu. Haikuwa ya chuma cha moto. Ilikuwa ya mchanga mkavu, na ya kinywa cha mtu ambaye hajagusa maji siku nyingi. Hiskia alisogeza kidole kwenye kitundu. Hewa ilikuwa inavutwa ndani. Ikatoka. Ikavutwa tena, taratibu...

Bomba lilikuwa linapumua.

"Maji..."

"Umesema nini?" Hiskia aligeuka.

"Mimi? Sijafungua mdomo."

Hapo redio ikakohoa. "Baba... Baba, unanisikia?"

Vetunjona aliirukia. "Mwanangu! Uko wapi?"

"Mama, mpe Baba. Haraka." Alikuwa ananong'ona. "Baba, bampa ilikatika jana."

Hiskia alimnyang'anya mkewe redio. "Na madumu?"

"Yapo. Kuna mtu ameishika."

"Mtu gani?"

"Simjui. Ananing'inia huko nyuma toka jana, ameishika kwa mikono. Hali, hanywi. Redio ilikuwa imekufa, ameigusa yeye ndiyo ikawaka. Wageni wamejifunika mablanketi, hawataki kumtazama. Baba... midomo yake imepasuka yote. Kila nikisimama ananiuliza jambo moja."

"Jambo gani?"

"Ananiuliza yeye alikufa kwa sababu gani. Anasema jua likizama sijamjibu, anaachia. Na jua ndilo hilo, Baba."

Hiskia alitazama mlangoni. Wekundu ulibaki kama unene wa kidole.

Redio ile ilisikika mpaka Sesfontein, kijijini kwa Elifas. Ndugu zake Elifas walikuwa na ya kwao, na jioni zote huiwasha.

"Hiskia," Vetunjona alisema, mkono begani kwake. "Unajua kitu wewe. Sema!"

"Baba, anaanza kulegeza vidole!"

"Mwambie..." Akalia, mzee mzima, makamasi yanamtoka. "Mwambie anaitwa Elifas. Mwambie nilimuua mimi. Kiungo cha kushoto hakikushika, nikakipaka rangi. Nilijua, mwanangu. Na wewe ulipokabidhiwa lori, nilijua."

Mkono wa Vetunjona ukatoka begani.

Redio ilikoroma. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, kutoka Sesfontein. "Fundi, tumekusikia." Ikakata.

"Baba?" Uejaa alikuwa anahema. "Ameshuka. Ameyapakia madumu ndani ya lori, moja moja. Tuko salama."

Hiskia aliegemeza paji la uso kwenye redio, akashukuru kwa sauti, akashukuru tena.

"Na yeye je? Amerudi jangwani?"

Hiskia alikibonyeza tena kitufe cha redio.

"Uejaa?"

"Hapana, Baba. Ameshika barabara, kwa miguu. Anakuja huko kwenu. Nimfuate?"

"Usimfuate! Laleni hapohapo, mwanangu. Usiwashe gari mpaka asubuhi."

Aliirudisha redio kwenye rafu, akageuka kumwomba mkewe msamaha. Vetunjona alishaondoka, na mlango ameuacha wazi.