Andika Kwamba Amekufa

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalimpata dada yangu, tumbo moja, na siku yalipoanza nilikuwa nimekaa mezani kwake nakula chakula chake. Mdomo wangu nao ulihusika. Ndiyo maana sipendi kuyasimulia, na ndiyo maana nayasimulia.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, siku ya kawaida kabisa. Dada yangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kinatazama barabara, ndimo anamopokea wateja, na muda wote kinanukia chaki, mafuta ya mashine na vitambaa vipya. Alikuwa amenipigia simu: njoo, njoo peke yako. Nikamkuta anapinda upindo wa sketi, lakini sindano aliyoishika haikuwa na uzi, na yeye hajui.

"Shemeji yako ana jambo," alininong'oneza.

"Mwanamke?"

"Afadhali ingekuwa mwanamke."

Ikabidi nikae. Shemeji mwenyewe anasaga lenzi za miwani katika duka moja mjini. Mwembamba, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Ukiniambia shemeji ameiba, nitacheka. Ukiniambia ameua, nitakupeleka hospitali.

Dada akaniambia kwamba juzi alimsikia akiongea na simu bafuni, bomba limefunguliwa ili maji yafunike sauti. Alisikia maneno haya: "Mwili haukuonekana. Bila mwili huwezi kusema amekufa." Kisha: "Mimi ndiye niliyemwona mwisho."

"Na kuna kingine," dada akasema. "Mlango wa nyuma. Mwezi mzima sasa anauacha wazi. Naufunga, nikigeuka naukuta wazi upana wa kiganja. Nimemuuliza, anasema joto. Joto gani, mdogo wangu, wakati tunalala na blanketi?"

Saa saba shemeji akarudi kutoka kazini. Tukala. Dada hakuweza kungoja hata maji ya kunawa. Akamtupia swali katikati ya tonge: "Ulimuua nani?"

Shemeji alituangalia, mimi kisha yeye. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni, machozi yakamtoka. "Gemu!" akasema. "Jamani, ni gemu!"

Akatuletea kompyuta yake kuukuu akatuonyesha. Ulikuwa mchezo wa nchi ya kubuni, wafalme, mazimwi, mji mzima uliojengwa kwa chumvi. Ndani yake yumo mwanamke ambaye wachezaji wanamwita Mshika Funguo. Anatembea nawe tangu mwanzo, anakufungulia kila lango. Mkifika lango la mwisho, anatangulia kuingia. Anageuka, anakuambia, "Usiufunge mlango. Narudi." Kisha giza. Mchezo umeisha. Waliokuwa wanautengeneza walifunga kazi kabla ya kutoa sehemu inayofuata, na huu ni mwaka wa saba watu wanaulizana: alikufa mle ndani, au yu hai?

"Watu wazima mnaulizana hivyo?" dada alisema. Lakini alikuwa ameanza kutabasamu. Nami nilijisikia mjinga na nimefurahi, vyote pamoja.

Kisha nikauliza swali ambalo nisingeliuliza leo. "Sasa shemeji, mlango wetu wa nyuma unahusika vipi?"

Tabasamu likamtoka. Akafunga kompyuta taratibu.

"Tuna grupu kwenye simu," akasema. "Tulikuwa kumi na wawili. Watatu walisema amekufa. Si kwa utani, walikaa wakaandika, wakatoa sababu. Kila mmoja alinyamaza kesho yake, jina lake likatoka kwenye grupu. Mmoja ni dereva wa lori, mtu wa maneno mengi. Nilimpigia, akapokea mkewe. Sikuwahi hata kujitambulisha. Akaniuliza, 'Wewe ulimwona wapi mara ya mwisho?'"

Hapo mezani hakuna aliyesogeza sahani.

Dada ndiye aliyezinduka kwanza. Dada yangu akiogopa hukasirika. Akasema hao watatu wamechoka na upuuzi, wamejitoa, basi. Akasema hawezi kuishi na mwanamume anayemwachia mlango mwanamke wa kuchorwa. "Chukua simu. Andika kwamba amekufa. Andika nikiona, yaishe."

"Mke wangu, ni jambo dogo tu, niache nalo."

"Kama ni dogo, andika."

Shemeji alinigeukia mimi. Alikuwa anaomba msaada, nililiona hilo machoni pake, na badala ya kumsaidia nikamwambia, "Shemeji, si uandike tu? Neno moja."

Akaandika. Amekufa. Akatuma. Akaenda akaufunga mlango wa nyuma, akazungusha ufunguo mara mbili, akaja akauweka mezani mbele ya dada kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Hakuna aliyemjibu kwenye grupu. Baada ya muda akaangalia ni wangapi waliosoma ujumbe wake, akanipa simu nihesabu na mimi. Watu waliobaki mle walikuwa tisa, naye akiwamo. Mwandishi hahesabiwi. Waliosoma walipaswa kuwa wanane.

Walikuwa tisa.

Jumapili ilipita salama. Jumatatu shemeji akaenda kazini. Yaliyofuata asubuhi hiyo nayasema kama dada alivyonisimulia, na amenisimulia mara nyingi bila kubadilisha neno.

Saa nne na nusu alikuwa anakata kitambaa, mgongo ameupa ndani ya nyumba, uso barabarani. Wateja wote huingia kwa mbele. Huwaona tangu wakiwa kule kwenye kona. Akasikia nyuma yake mtu anasema, "Za kazi, fundi."

Akageuka. Mwanamke amesimama katikati ya chumba. Mrefu, amevaa nguo ya kijivu iliyochakaa, viatu vina vumbi jeupe. Mambo ya kawaida. Dada akajiambia labda alikuwa ameinama, hakumwona akipita. Akajilazimisha kuamini hivyo.

"Nataka gauni," mwanamke alisema. "Hili nimelivaa miaka saba."

Dada akachukua futi yake, akaanza kupima. Mabega. Mikono. Kiuno. Anapima huku anaandika kwenye daftari. Akazungusha futi kifuani, na hapo huwa ana neno analomwambia kila mteja: pumua kawaida. Akasema. Akangoja, maana kifua cha mtu hupanda na kushuka, na fundi hupima katikati.

Futi haikusogea.

Akangoja tena. Labda amebana pumzi, wengine hubana ili waonekane wembamba. Akahesabu moyoni. Kumi. Ishirini. Nje pikipiki ilipita. Mtu akacheka barabarani. Arobaini. Vidole vya dada viko juu ya kifua cha mtu, na chini ya vidole hakuna kitu kinachofanya kazi.

"Mumeo ameandika nimekufa," mwanamke akasema, kwa sauti ya chini, bila hasira. "Wewe umenipima. Unaonaje?"

Dada anasema alijua jibu la kweli, na alijua jibu la kumwokoa mumewe, na hakuweza kutoa hata moja. Akasema, "Mimi fundi tu, dada. Mimi sijui."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka hili halina anachotafuta. "Basi ngoja nikamuulize mwenyewe."

Akaelekea ndani. Ukumbini. Jikoni. Dada akasikia hatua zake mpaka mlango wa nyuma, kisha hakusikia kitu. Akakimbia kule. Mlango umefungwa. Ufunguo bado uko mezani, pale pale tangu Jumamosi.

Akampigia mumewe. Simu ikaita mara mbili.

"Haloo, mama. Nitakupigia, kuna mteja kaja nyuma huku."

"Mteja gani? Usimjibu! Sikiliza, usimjibu kit—"

Ikakatika.

Akampigia mwenye duka, mama mmoja wa makamo ambaye kila mtu anamwita Mama Miwani. Mama Miwani alikuwa kaunta, anamvalisha mtu fremu. Akamwambia dada atulie, mumewe yupo chumba cha nyuma kwenye mashine, yeye anasikia mpaka maji ya mashine yanavyomwagika.

"Mama, nenda ukamwone. Nakuomba."

"Mlango kaufunga. Hajawahi kuufunga." Mama Miwani akatega sikio mlangoni. Kisha akashusha sauti. "Anaongea na mtu."

"Anasema nini?"

"Anasema samahani."

Walivunja kitasa kwa nyundo, Mama Miwani na yule mtu aliyekuwa anajaribu fremu. Chumba kile nimekiona. Ni kidogo kama stoo. Dirisha moja juu, lina nondo, paka hapiti. Mashine ilikuwa inazunguka. Maji yanatiririka. Aproni iko sakafuni, bado imefungwa kamba kiunoni, kamba haijafunguliwa. Shemeji hakuwamo.

Mpaka leo hajaonekana.

Askari walikuja. Mwanzo walikuwa wapole, baadaye wakaacha upole. Walimhoji Mama Miwani siku tatu, wakabomoa dari ya duka. Wakamrudia dada: mligombana Jumamosi? Nani alishuhudia? Wakanijia mimi. Nikawaambia tuligombana kuhusu mchezo wa kompyuta, na nikaona jinsi mpelelezi alivyoacha kuandika, akaniangalia. Nilipowatajia mteja wa asubuhi wakataka jina lake. Dada akawapa daftari la vipimo. Mabega yapo, mikono ipo, kiuno kipo. Kwenye kifua alikuwa ameacha nafasi.

Watu hawakosi la kusema. Wengine walisema katoroka na mwanamke, na Mama Miwani amelipwa kunyamaza. Wakwe wakasema lao. Mama mkwe alifika siku ya nane, akasimama kizingitini, leso mdomoni, akakataa kuingia. "Mwanangu umempeleka wapi?" akamuuliza dada. "Niambie tu, hata kama ni kwa waganga, nitakwenda kumtoa." Dada akapiga magoti, akamwapia kwa kila anachokijua. Yule mama akaangalia ndani juu ya kichwa chake, akiangalia zile nguo zilizoning'inizwa, moja moja, kama anayetafuta ya mwanawe. Akaondoka. Wiki ile wateja kumi na mmoja walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonewa. Mwingine alivipokea kwa ncha za vidole.

Mimi nilifanya nilichoweza. Simu ya shemeji askari waliturudishia, nikaingia kwenye grupu, nikaandika kwamba yu hai, Mshika Funguo yu hai, tumekosea, tunaomba mtusamehe. Nikaandika mara tatu. Watu wale wakaanza kujitoa, mmoja baada ya mwingine, bila neno. Mpaka jioni nikabaki peke yangu mle ndani, kwenye simu ya mtu asiyekuwapo. Nikaangalia ujumbe wangu wa mwisho, ule nilioutuma baada ya wote kuondoka.

Umesomwa na mmoja.

Dada anaishi kwangu sasa. Ameanza kushona tena, taratibu, ila wateja hawapimi. Anawaambia waje na nguo ya zamani aifuatishe. Hatuzungumzi kuhusu Jumamosi ile. Kuna siku ananikata jicho tukiwa tunakula, na najua anasikia lile neno langu, si uandike tu, na mimi nasikia lake, na kila mmoja anamshuku mwenzake kwamba anamshuku.

Mwezi uliopita Mama Miwani alitutembelea. Duka ameliuza. Alipokuwa anasafisha ile mashine ili akabidhi, alikuta lenzi moja imebanwa bado, nusu imesagwa, nusu haijasagwa. Ndiyo kazi ya mwisho ya shemeji. Aliifunga kwenye kitambaa akaileta, akaiweka mezani kwangu.

"Nilitaka niitupe," akasema. "Halafu nikaona ina alama ya kidole. Nikasema ni chake, mkewe atapenda kuwa nayo."

Dada aliichukua kwa mikono miwili. Akaiinua dirishani. Ni kweli, dole gumba, zima, limekaa vizuri. Akaligusa kwa kidole chake. Akageuza lenzi, akaligusa kwa upande wa pili. Akachukua upindo wa kanga yake akafuta, kwa upole kwanza, kisha kwa nguvu.

"Haifutiki," Mama Miwani akasema. "Nimejaribu spiriti. Nimejaribu wembe. Mwanangu, nimefanya kazi ya vioo miaka ishirini na sita. Alama hiyo haiko juu. Haiko chini. Iko katikati ya kioo."

"Lakini ni yake?" dada akauliza. Sauti yake ilikuwa na matumaini, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. "Si ulisema ni yake?"

Mama Miwani alifungua mkoba, akatoa kioo chake cha kukuzia, akanipa mimi.

Nikasogea dirishani. Jua lilikuwa kali, kila kitu kinaonekana. Nikaangalia. Nikafuta jasho machoni, nikaangalia tena, nikitafuta ile mistari ambayo kila mtu aliyezaliwa, si wa kuchorwa, anayo kidoleni.

Hapakuwa na mstari hata mmoja.